Ovahoo ya injini ya pikipiki ya tustroki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima nafasi

Majibu haya ni ya injini za mipigo miwili zenye silinda moja, cc 50 hadi 250, zinazopozwa kwa hewa au kwa maji. Namba zilizomo ni za kawaida kwa injini za aina hiyo. Ukiwa na kitabu cha mtengenezaji wa injini yako na namba zake zikapishana na hizi, fuata kitabu.

Pistoni ni mpya na silinda imetoka kuchongwa. Kuna haja gani ya kupima tena?

Pistoni mbili za ovasaizi moja (ukubwa uliozidi wa kawaida), tuseme 0.50 mm, zikitoka kwa watengenezaji wawili huweza kupishana kwa sehemu mbili au tatu za mia za milimita. Hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba nafasi nzima kati ya pistoni na silinda mara nyingi ni sehemu tano tu za mia. Kwa hiyo pistoni hununuliwa kwanza, ikapelekwa kwa fundi wa mashine pamoja na silinda, na silinda ikachongwa kwa kuifuata pistoni hiyohiyo. Ukipeleka silinda peke yake na kusema "nichongee ya 0.50", unabahatisha. Na hata fundi akiwa mzuri, pima mwenyewe kabla ya kufunga. Kazi ya robo saa ni rahisi kuliko kuchonga mara ya pili.

Vifaa gani ni vya lazima?

Maikromita ya kusoma 0.01 mm inayofika ukubwa wa pistoni yako (nyingi zinaangukia kati ya 25 na 75 mm, yaani maikromita mbili), geji ya silinda yenye saa, fila geji (vibamba vya chuma vya unene unaojulikana) inayoanzia 0.03 au 0.04 mm, na geji ya saa yenye kishikilio. Kalipa inafaa kupimia gasketi na waya wa risasi uliobanwa. Kwa pistoni na silinda haifai hata ikiwa ya kidijitali na inaonyesha namba mbili baada ya nukta, kwa sababu midomo yake haikai sawasawa ndani ya mviringo. Ongeza spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kipande cha kioo kinene na rula ya chuma iliyonyooka.

Geji ya silinda ndiyo watu wengi hawana. Kama ni hivyo, peleka silinda na pistoni mahali ilipo. Usiiruke.

Nianze kupima wapi?

Anza chini. Mtu akishaona pistoni mpya inang'aa hutamani kuifunga, halafu krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikiwa mbovu inaiharibu ndani ya wiki moja. Krenki, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), beringi kubwa na sili (mipira inayozuia hewa na oili kuvuja) kwanza. Silinda, pistoni na ringi zifuate. Kichwa cha silinda mwisho.

Nitajuaje kama konrodi na beringi yake ya chini bado nzima?

Osha krenki kwa petroli au mafuta ya taa hadi oili yote itoke, maana oili nzito huficha ulegevu. Weka konrodi juu kabisa, ishike kwa vidole, kisha ivute na kuisukuma wima bila kuizungusha. Hapo hutakiwi kusikia chochote. Ukisikia hata mgongano mdogo wa "tik", beringi ya chini imekwisha, na hakuna kipimo cha kukupa matumaini.

Ulegevu wa kwenda upande ni jambo jingine na haupaswi kukutisha. Ncha ya juu ya konrodi ikiyumba kulia na kushoto kwa 1 mm hivi ni kawaida. Ikipita 2 mm, krenki inahitaji matengenezo. Halafu ingiza fila geji kati ya konrodi na gurudumu la krenki kule chini: injini nyingi hutaka kati ya 0.2 na 0.7 mm. Ikiwa finyu kuliko hapo, oili haiingii vya kutosha. Ikiwa pana mno, angalia washa za pembeni. Ikiwa zimegeuka rangi kuwa bluu, zilipata joto kali.

Krenki yenyewe hupimwa kunyooka kwake ikiwa imelazwa kwenye vitalu vya umbo la V au kati ya ncha za mashine ya kukereza. Weka geji ya saa kwenye kila mkono wa shafti, zungusha polepole na usome tofauti kati ya juu na chini. Ikiwa 0.03 mm au pungufu, umepata krenki nzuri. Ikifika 0.05, watengenezaji wengi wanaihesabu kuwa imevuka mpaka. Krenki hizi zimeundwa kwa vipande vilivyobanwa kwa presi, hivyo hupinda kwa kugongwa nyundo ovyo au injini ikishika ghafla (pistoni ikikwama ndani ya silinda) kwenye mwendo kasi.

Beringi kubwa za krenki zinahitaji kipimo gani?

Hazipimwi sana, zinachaguliwa. Kama kitabu kinataka beringi yenye alama C3, nunua hiyo. C3 ina nafasi kubwa kidogo ya ndani kwa sababu beringi hubanwa na kasha na pia hupata joto. Ya kawaida ikiwekwa mahali pake huweza kukaza injini ikipata moto.

Pasha kasha hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, beringi itazama yenyewe bila kugongwa. Ukishafunga makasha mawili, krenki izunguke kwa kidole. Ikikaza, mara nyingi imevutwa upande mmoja: gonga ncha ya shafti taratibu kwa nyundo ya plastiki mpaka ilegee. Usiendelee na kazi ukitumaini kwamba italegea yenyewe barabarani.

Pistoni inapimwa sehemu gani?

Kwenye sketi (sehemu ya chini ya pistoni), upande unaokata pini kwa pembe ya nyuzi 90, na kwa urefu uliotajwa kitabuni kutoka ukingo wa chini. Bila kitabu, tumia 10 mm juu ya ukingo. Pistoni si duara kamili wala si bomba lililonyooka. Ni ya umbo la yai kidogo na inapungua kuelekea juu, kwa kuwa juu ndiko kunakopata joto zaidi. Ukiipima karibu na ringi utapata namba ndogo, utadhani una nafasi kubwa, kumbe sketi inabana.

Pistoni na silinda zikae chumba kimoja usiku kucha kabla ya kupimwa, na usiikumbatie pistoni kiganjani ukiwa unahangaika na maikromita. Alumini ya kipenyo cha 56 mm ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hutanuka kwa takriban 0.013 mm. Hiyo ni robo ya nafasi yote unayoitafuta, na imetoka kwenye mkono wako.

Silinda je?

Pima kwa vina vitatu: karibu na juu pale ringi inapogeukia, katikati, na chini. Kila kina upime mara mbili, sambamba na pini na kwa kuikata. Epuka kusoma juu ya tundu la kuingizia au kutolea gesi. Tofauti kati ya juu na chini isizidi 0.05 mm kwa silinda iliyotumika. Tofauti kati ya pande mbili za kina kimoja ikikaribia 0.01 mm kwenye silinda iliyochongwa juzi, mrudishie fundi.

Ipo njia inayofuta kosa la maikromita yako. Ifunge kwenye pistoni mpaka iguse sawasawa, funga kufuli yake, itoe, kisha weka geji ya silinda kati ya midomo ya maikromita na urudishe saa yake kwenye sifuri. Ukiingiza geji ndani ya silinda, saa inakuonyesha nafasi moja kwa moja. Hata maikromita ikiwa imekosea kwa sehemu mbili za mia, kosa ni lilelile pande zote na linajifuta.

Soma matokeo kwa macho mawili. Namba ndogo kuliko zote ndiyo inayokuambia kama pistoni itashika. Namba kubwa kuliko zote ndiyo inayokuambia silinda imelika kiasi gani.

Nafasi kati ya pistoni na silinda iwe ngapi?

Kwa pistoni ya kumiminwa ndani ya silinda yenye slivu (bomba la ndani) ya chuma, kipenyo cha 50 hadi 60 mm, nafasi ya 0.04 hadi 0.06 mm ndiyo ya kawaida. Inayopozwa kwa hewa ipewe upande wa juu wa kiwango hicho. Pistoni ya kufuliwa hutanuka zaidi na hupewa 0.07 hadi 0.10, karatasi iliyomo ndani ya sanduku lake ndiyo sheria. Mpaka wa kuchonga upya mara nyingi ni kama 0.10 kwa pistoni ya kumiminwa.

Sababu iko kwenye metali. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kumiminwa. Pistoni ya 56 mm na slivu yake zote zikipanda nyuzi 100, pistoni inaizidi slivu kutanuka kwa kati ya 0.05 na 0.07 mm, kutegemea silikoni iliyochanganywa kwenye alumini. Juu ya hapo pistoni huwa na joto kuliko silinda, na dakika ya kwanza baada ya kuwasha tofauti hiyo ndiyo kubwa zaidi. Ndiyo maana injini iliyofungwa kwa nafasi finyu hushika mapema, dereva akiwa amefungua mafuta yote wakati silinda bado baridi. Alama zake ni mikwaruzo minne kwenye pembe za sketi.

Nafasi ikizidi, injini haifi. Inapiga kelele ya kugongagonga ikiwa baridi, sketi inayumba, ringi zinachakaa haraka na kompresheni inashuka. Kati ya kosa la 0.01 kubana na kosa la 0.01 kulegea, afadhali la kulegea.

Sina geji ya silinda. Fila geji ndefu haitoshi?

Inatoa picha tu. Ingiza pistoni bila ringi, kichwa chini, pamoja na ukanda mwembamba wa fila upande wa ekzosti, uone ukanda upi unateleza kwa mkazo mdogo. Unaweza kutambua silinda iliyokwisha kabisa kwa njia hii. Huwezi kutofautisha 0.03 na 0.05, na hapo ndipo injini hufa.

Silinda yangu haina slivu ya chuma, ina Nikasil. Inachongwa?

Haichongwi ovasaizi kwa njia ya kawaida, wala haipigwi jiwe la kuhoni la kawaida. Tabaka hilo la nikeli na silikoni kabaidi ni nyembamba mno. Unaloweza kufanya ni kuondoa alumini iliyoganda, kupima, na kuchagua pistoni kwa herufi. Watengenezaji wengi hutoa pistoni za A, B na C zinazopishana kwa karibu 0.01 mm. Tabaka likibanduka na alumini ya chini ikaonekana, silinda inahitaji kupakwa upya au kubadilishwa.

Mwanya wa ringi unapimwaje, na uwe kiasi gani?

Tia ringi ndani ya silinda bila pistoni, kisha isukume kwa kichwa cha pistoni hadi kina cha kama 20 mm ili ikae mraba. Chagua mahali pasipo tundu. Ingiza fila kati ya ncha mbili. Kanuni nyepesi ni kuzidisha kipenyo kwa 0.004: silinda ya 50 mm inataka karibu 0.20 mm. Vitabu vingi hutoa kati ya 0.15 na 0.35 kwa ukubwa huo, na mpaka wa kubadilisha karibu 0.7 au 0.8.

Mwanya mdogo ni hatari kuliko mkubwa. Ncha zikigusana kwenye joto, ringi haina pa kwenda ila kujibana ukutani, na inakwaruza silinda mzunguko mzima. Ukilazimika kuongeza mwanya, tumia tupa laini na usugue kuelekea upande mmoja tu, kutoka uso wa nje kwenda ndani, la sivyo utamega tabaka gumu la nje.

Ringi mpya ikikupa mwanya mpana usiotarajiwa, usimlaumu aliyekuuzia mpaka upime silinda. Kila 0.10 mm inayoongezeka kwenye kipenyo hufungua mwanya kwa karibu 0.31 mm.

Na nafasi ya ringi ndani ya mfereji wake?

Kwa ringi bapa, 0.03 hadi 0.08 mm. Ringi yenye mteremko juu hupimwa ikiwa imebanwa sawa na ukuta wa pistoni, maana ikiwa wazi inatoa namba ya uongo. Safisha kaboni mferejini kwa kipande cha ringi ya zamani iliyovunjika, bila kukwangua alumini. Alama ya herufi kwenye ringi ielekee juu.

Hakikisha pia vile vipini vidogo vya shaba au chuma vinavyozuia ringi kuzunguka viko imara. Bana ringi kwa vidole: ncha zake zikumbatie kipini na ringi izame yote. Pistoni ikifungwa kinyume, ncha hizo hupita juu ya tundu, hujitokeza na kukatika. Mshale wa juu ya pistoni kwa kawaida huelekea ekzosti.

Pini ya pistoni na klipu zina kipimo?

Pini iingie kwa kusukumwa na dole gumba ikiwa na oili kidogo. Ikidondoka yenyewe, tundu limelika. Ndani ya beringi yake ya sindano, pini isicheze juu na chini hata kidogo. Klipu ni mpya kila mara, na uwazi wake ukae juu au chini. Ukiuweka pembeni, msukumo wa kupanda na kushuka unaweza kuibana klipu mpaka itoke, na klipu ikitoka silinda imekwenda.

Baada ya kuchonga kuna kitu kingine cha kufanya kwenye silinda?

Ndiyo, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Mashine huacha kingo za matundu zikiwa kali kama wembe. Zipigwe mteremko wa 0.3 hadi 0.5 mm, juu na chini ya tundu hasa, kisha zilainishwe kwa msasa namba 600. Pitisha kidole, kisikwame popote.

Kama tundu la ekzosti lina daraja katikati, daraja hilo hupata joto kuliko sehemu yoyote ya silinda na huvimba kuelekea pistoni. Hupunguzwa kwa karibu 0.05 mm, na pistoni nyingi za aina hiyo hutobolewa vishimo viwili vya oili vinavyopita juu ya daraja. Fuata maelekezo ya pistoni yako kuhusu mahali pa vishimo.

Mwisho osha kwa maji ya moto na sabuni, brashi juu, mpaka kitambaa cheupe chenye oili kitoke kikiwa cheupe. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe.

Skwishi ni nini na inapimwaje?

Ni nafasi kati ya ukingo wa pistoni na ukingo wa kichwa cha silinda pistoni ikiwa juu kabisa. Huathiriwa na gasketi ya chini, gasketi ya juu, urefu wa pistoni na kila kilichokwanguliwa kwenye silinda au kichwa.

Funga silinda na gasketi ile utakayotumia, kaza kwa toki kamili. Chukua waya laini wa risasi wa kulehemu, unene wa 1.5 hadi 2 mm. Kata vipande viwili, vishikize kwa grisi juu ya pistoni, kimoja kila mwisho wa mstari wa pini, ncha zikigusa ukuta. Usiviweke upande wa ekzosti, kwa kuwa pistoni itainama na kukudanganya. Funga kichwa, kaza kwa toki, zungusha krenki kwa mkono hadi ipite kilele. Usipige kiki. Fungua, pima ncha iliyobanwa nyembamba zaidi kwa pande zote mbili. Zikipishana sana, silinda au kichwa hakijakaa sawa.

Pikipiki ya barabarani ya cc 100 hadi 125 ikiwa na 1.0 hadi 1.3 mm iko vizuri. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na zaidi ya hapo. Chini ya 0.8 unaingia eneo la hatari: kwenye mzunguko mkubwa konrodi hunyooka, beringi huachia kidogo, na pistoni hugonga kichwa. Ukibadilisha unene wa gasketi ya chini ili kurekebisha, kumbuka umeinua au kushusha matundu yote pia, na nyakati za kufunguka zimebadilika. Ukihitaji kurekebisha sana, badilisha gasketi ya juu au kereza kichwa.

Kichwa cha silinda kimepinda. Naweza kukisawazisha nyumbani?

Weka rula ya chuma, pitisha fila chini yake kwa mistari sita. Ikiingia 0.05 mm, sawazisha. Laza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo, sukuma kichwa kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote upate rangi moja, kisha pima skwishi upya.

Ridi (vilimi vya vali) zilizo kati ya kabureta na injini zinahitaji kupimwa?

Zishikilie kwenye mwanga. Ulimi ukiinuka kutoka kitako chake kwa zaidi ya 0.3 mm, au ukiwa na ufa au pembe iliyomegeka, weka mpya.

Vipimo vyote vilikuwa sahihi na bado imeshika. Kwa nini?

Mara nyingi ni hewa inayovuja. Sili ya upande wa magneti ikipitisha hewa, mchanganyiko unapungua petroli, na petroli ndiyo inayobeba oili. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya gia boksi na kutoa moshi mwingi mweupe.

Jaribu kabla ya kurudisha injini kwenye fremu. Ziba ekzosti na kabureta kwa mpira, weka pistoni chini kabisa, pampu hadi 0.4 bar. Isishuke zaidi ya 0.07 bar kwa dakika moja. Usipite 0.6, utasukuma sili nje. Ikishuka, tafuta mapovu kwa maji ya sabuni: sili, gasketi ya chini, maungio ya makasha, shingo ya kabureta.

Soma pistoni iliyoshika pia. Mikwaruzo upande wa ekzosti pekee huelekeza kwenye joto au petroli kidogo. Upande wa kuingizia, kwenye oili. Pembe nne za sketi au mzunguko mzima, kwenye nafasi finyu. Shimo katikati ya pistoni ni cheche iliyowahi mno au plagi ya joto lisilofaa. Cheche hupimwa kwa geji ya saa kupitia tundu la plagi, milimita kabla ya kilele kama kitabu kinavyosema. Injini zenye platini (swichi inayokata umeme ili kutoa cheche) huwekwa mwanya wa 0.3 hadi 0.4 mm kwanza, maana mwanya ukibadilika cheche nayo inahama.

Niongeze oili kwenye petroli wakati wa kuizoesha injini?

Hapana, baki na uwiano wa kitabu. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti inapungua, na unapata joto ulilokuwa unalikimbia. Washa, iache ipate joto, zima ipoe kabisa. Rudia mara tatu. Ikishapoa, kaza tena nati za kichwa kwa mpangilio wa msalaba, kwa toki ileile.